Maziwa Yaliyokataa Kukauka

Wanakwaya wenzangu, kila nikifika mazoezini mnaniuliza yaleyale. Ulikula nini huko? Uliogopa? Ni kweli ulimnyonyesha mtoto wa wenyewe? Nikianza tu kujibu, mwalimu anagonga meza tuimbe. Basi nimeamua kuandika. Someni polepole, msirukeruke, maana utamu wote uko njiani. Habari za tiketi, vibali na mihuri nimeziacha kabisa. Mama Sahra ndiye aliyezihangaikia, mimi nilikuwa nafuata tu na kikapu changu.

Mama Sahra mnamjua, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu hapa Kariokor, anayeuza vitambaa Eastleigh. Kwa asiyemjua: ni Msomali, wazazi wake walikimbia vita vya kwao akiwa bado anabebwa, akakulia papa hapa Eastlands. Kiswahili cha mtaa anakijua kunishinda mimi niliyeletwa na ndoa kutoka Mwingi.

Asubuhi moja aliingia kwangu bila kubisha, simu mkononi, macho mekundu. Binti ya dada yake, Hodan, alikuwa amekimbia mapigano ng'ambo ya mpaka, akajifungua njiani kabla ya miezi kutimia. Sasa alikuwa Dadaab, katika hospitali ya kambi ya wakimbizi, pamoja na mama mkwe wake.

"Mtoto mwenyewe ni hivi," Mama Sahra akanionyesha kiganja chake. "Na Hodan hana maziwa. Hata tone. Nataka kwenda na sijui nitaenda na nani."

"Twende," nikasema.

Mume wangu, aliyekuwa anakata tairi la kutengenezea viatu vya akala pale mlangoni, akainua kichwa. "Twende na nani?" Lakini mimi nilikuwa tayari nachambua nguo. Mnanijua, mdomo wangu hutangulia na akili hufuata baadaye.

Ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa imenishinda. Nilikuwa nimetoka kumwachisha Mwende ziwa. Nilijaribu kupaka shubiri, akalamba akacheka. Nikampeleka kwa mama yangu Mwingi, kama sisi sote tulivyopelekwa kwa nyanya zetu, na sharti mnalijua: mtoto asimwone mama yake hadi asahau. Yeye alikuwa huko anasahau, mimi huku matiti yamejaa yanauma. Niliyafunga leso kwa nguvu, nikaweka majani ya kabeji ndani ya sidiria, nikaomba maziwa yakauke upesi.

Kariokor hadi Mwingi: chini ya kiti

Basi lilitoka kwa kuchelewa kwa sababu mzee mmoja alitaka mbuzi wake aketi ndani. Walibishana wee, mwishowe mbuzi akaenda kwenye buti na mzee akakaa nyuma yetu akiwa amenuna. Mimi nilikuwa na furaha ya mtoto wa shule. Umri huu wote sikuwahi kuvuka Mwingi! Kila kitu nilimwonyesha Mama Sahra, mpaka mananasi ya Thika, naye anapita njia hiyo tangu zamani.

"Mama Mwende, hebu tulia," akaniambia. "Hayo mananasi hayaendi popote."

Nilikuwa nimempigia mama simu atuletee muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, stendi ya Mwingi. Nikamwonya asije na Mwende. Basi likasimama, nikachungulia dirishani, na nani namwona? Mama, sufuria mkononi, Mwende mgongoni, shingo nje kama kasa.

Nilijitupa chini ya kiti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi sikutaka chochote mvunguni ila kufichwa. Nikamsikia mama akiuliza, "Na msichana wangu yuko wapi?" na Mama Sahra akijibu kwa sauti nzito ya mazishi, "Mama, hayuko. Yaani yuko, lakini hayuko." Kisha nikaisikia sauti ya Mwende, anaita tu vitu anavyoviona: gari, gari, mbuzi. Kwa sauti hiyo maziwa yakashuka yenyewe, leso ikalowa, kabeji ikalowa. Nililia huku chini kimyakimya hadi basi likaondoka.

Muthokoi tuliula wa moto, kwa vidole, na yule mzee wa mbuzi tukampa. Alisahau kununa.

Mwingi hadi Garissa: kabeji

Baada ya Mwingi miti inafupika na joto linaingia ndani ya gari na kuketi na wewe. Basi likaharibika mahali ambapo sikuona nyumba hata moja, lakini wanawake walitokea na chupa za maziwa ya ngamia. Nilikunywa nikakunja uso. Yana moshi na chumvi kidogo. Chupa ya pili sikukunja uso tena.

Konda, kijana wa Eastlands kabisa, alituambia, "Mathe, msijali, kutengeneza hii ndai ni kitu ya dakika mbili." Tulikaa hapo hadi kivuli cha basi kikahamia upande wa pili.

Kwenye daraja la Tana, kabla ya kuingia Garissa, abiria wote hushuka wakaguliwe. Wanaume mstari wao, wanawake wetu. Askari wa kike akanipapasa, akafika kifuani, akasikia kitu kinachakacha.

"Hiyo ni nini?"

"Kabeji," nikasema.

"Kabeji?"

"Majani yake tu."

"Toa."

Jamani! Nikaingiza mkono mbele ya mstari mzima nikatoa jani la kabeji lililochemka kwa joto langu mwenyewe. Harufu yake nisiwaeleze. Akalishika kwa ncha za vidole, akaligeuza, akaniangalia. Nikaeleza: nimemwachisha mtoto ziwa. Uso wake ukabadilika papo hapo.

"Mimi pia nilitumia kabeji," akaninong'oneza. "Haisaidii sana. Pita." Nilipopita nilisikia akina mama wa Kisomali nyuma yangu wakitafsiriana kisa hicho mstari hadi mstari, na kicheko kikinifuata hadi ng'ambo ya daraja.

Garissa tulikula wali na nyama ya ngamia, na juu ya sahani ndizi mbivu. Nikaiweka ndizi kando niile mwisho, kama mtu mstaarabu. Mhudumu alikuja mara mbili kuuliza ndizi ina kasoro gani. Mama Sahra akachukua ndizi yake, akaimega ndani ya wali, akala pamoja na nyama. Nikamwiga nikiwa nimefumba macho. Sasa nyumbani kwangu wali bila ndizi hauliki, mume wangu shahidi.

Garissa hadi Dadaab: mchanga

Sehemu hii ni mchanga. Nilivaa akala za mume wangu, na abiria wawili walitaka kuzinunua zikiwa mguuni. Mama Sahra, ambaye ndiye hupenda kusema, alinyamaza njia nzima. Nami nilipoona amenyamaza, msisimko wangu ukapungua nikakumbuka tunakwenda kuona nini.

Akaniambia bila kunitazama, "Hodan ameshazaa mara mbili kabla ya huyu. Wote wawili wameenda."

"Risasi?"

"Hapana. Hata mmoja hakuguswa na risasi."

Wa kwanza alipata homa na vipele, wakati kituo cha afya cha mji wao kimefungwa kwa sababu wauguzi walikuwa wamekimbia. Wa pili alifia tumboni, Hodan akiwa na uchungu nyumbani na barabara ya kwenda hospitali inapiganiwa. Sasa huyu wa tatu alikuja kabla ya wakati kwa sababu ya kutembea, njaa na hofu. Nilimshika mkono tu, na mchanga ukatuingia mdomoni.

Wodini

Kilichonishangaza kwanza ni kimya. Mimi najua wodi za wazazi, nimezaa Pumwani. Kelele zake zinasikika hadi barabarani. Hii ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati ilikuwa kimya. Akina mama wameketi, kila mmoja amevimba kifuani chini ya shuka, na kwenye shingo yake kinatokeza kikofia. Watoto wale hawana nguvu za kulia.

Muuguzi, mwanamke mnene mcheshi aliyesema kwao ni Busia, alitupeleka kwa Hodan. Amekonda, midomo imepasuka, ana homa aliyotoka nayo njiani. Kando yake bibi mrefu mwembamba, macho makali, shali ya kahawia. Huyo ndiye mama mkwe, na wote walimwita Ayeeyo, yaani nyanya. Alinitazama kuanzia miguuni. Zile akala alizipenda, niliona. Mimi mwenyewe bado.

Hodan akafunua shuka nikamwona mtoto. Wenzangu, nimeona vifaranga vikubwa kuliko yule. Amepitishiwa kibomba puani, mbavu zinaonekana zikipanda na kushuka. Na mimi, kwa haraka zangu, nikaona mama amechoka, nikachukua leso, nikainama nimfunge yule mtoto mgongoni kama tunavyofanya.

"Wewe! Wewe!" muuguzi akapiga kelele. "Si mgongoni! Kifuani! Ngozi kwa ngozi! Unataka kumuua?"

Wodi nzima ikaniangalia. Akanieleza kwamba joto la kifua cha mtu ndilo linalomweka hai, na kwamba mtu yeyote wa familia anaweza kumbeba, hata baba. "Lakini baba zao wengi wamebaki vitani," akasema, "na hawa kina mama wamechoka. Vita vikianza mkunga anakimbia, friji ya chanjo inazimika, mama anatembea bila kula. Halafu mtoto anakuja hivi. Mimi nangoja tu siku moja huyu alie kwa nguvu. Akilia kwa nguvu, mama, nitacheza hapa katikati ya wodi."

"Anaitwa nani?" nikauliza.

Mama Sahra akanikanyaga mguu.

Ndipo mtoto akatoa kisauti. Si kilio, ni kama mlango mdogo unaofunguka. Na matiti yangu yakaitika. Nilihisi yanachomachoma, nikatazama chini nikaona gauni langu la bluu limelowa sehemu mbili, mbele ya watu wote. Muuguzi akaona. Hodan akaona. Ayeeyo akasimama.

Maswali ya Ayeeyo

Nilitaraji atasema asante. Badala yake alianza kunihoji, Mama Sahra akitafsiri. Wewe ni nani? Baba yako nani? Baba wa baba yako? Mnakaa wapi? Umezaa watoto wangapi? Wote wako hai? Wa kike au wa kiume? Wana majina gani? Uliwahi kumnyonyesha mtoto mwingine?

Nikapandwa na hasira. Mnanijua nikipandwa na hasira. "Mama Sahra, mwambie mtoto anakufa njaa na yeye anafanya sensa! Kama hataki maziwa ya Mkamba aseme!"

"Jibu tu, Mama Mwende."

"Sijibu!"

"Jibu, tafadhali. Nitakueleza."

Nikajibu kwa ukali, jina la babu na la babu wa babu, na Ayeeyo akarudia kila jina taratibu. Kisha akawaita wanawake wawili wa vitanda vya jirani waje wasikie, nikayataja yote upya. Nilidhani nimeshtakiwa. Muuguzi naye akanipeleka kando, akanidunga kidole, akapima damu kila kinachopimwa, akauliza dawa ninazotumia. Matokeo yalipotoka mazuri, akatia mkono sidiriani mwangu bila hodi, akatoa kabeji zangu zilizobaki akazitupa kwenye pipa.

"Hizi zimekwisha kazi. Sasa kamua."

Nikakamua kwenye kikombe. Wenzangu, aibu! Leso na kabeji zilikuwa zimefanya kazi kuliko nilivyojua. Yalitoka matone ya kulowesha chini ya kikombe tu, nikaona uchungu kwa yale niliyoyamwaga Kariokor kwenye beseni. Nikamwambia Mungu, niliomba yakauke, sasa nafuta ombi hilo.

"Haba na haba," muuguzi akasema. "Huyu tumbo lake ni kama njugu. Leta."

Maziwa yangu yakashuka kwenye kile kibomba. Ayeeyo alisimama karibu akitazama hadi tone la mwisho. Mtoto alipotulia, alishika pindo la shali yake akafunga fundo.

Mara ya pili, fundo la pili. Mara ya tatu, la tatu. Nikaanza kuogopa. Ndiyo, chekeni. Mimi Mkamba, tunaosingiziwa uganga Kenya nzima, ndiye niliyemwogopa bibi wa Kisomali kwa sababu anafunga mafundo. Nikampigia mume wangu simu. "Baba Mwende, huyu bibi ananifunga."

"Anakufunga kamba?"

"Ananifunga kwa shali!"

"Sasa si utoke huko urudi nyumbani? Unakaa mpaka lini?"

"Mtoto hajashiba," nikasema, nikakata.

Walininywesha uji, supu ya mifupa, maziwa ya ngamia, chai ya tangawizi, mpaka nikawa natembea nasikika tumboni. Wanawake wa wodi ile, ambao wamekimbia hawana chochote, walinichangia kila mmoja kikombe chake. Mimi niliyeenda kusaidia ndiye niliyelishwa. Nami nikawa nakamua, nambeba mtoto kifuani Hodan akilala, nakamua tena. Kikombe kikaanza kupanda.

Fundo la tano lilipofungwa, Ayeeyo aliwaita wale mashahidi wake. Akaweka mkono wake mkavu kichwani pangu akasema maneno marefu, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama Sahra alikuwa analia.

"Imetosha mara tano," akanieleza. "Kwetu mtoto akishiba maziwa yako mara tano, wewe ni mama yake. Si mchezo, ni sheria ya dini. Mwende wako ni dada yake, hawawezi kuoana milele. Watoto wote utakaowazaa ni ndugu zake. Ndiyo maana alikuuliza yote yale. Angekuchukuliaje kuwa mama wa mjukuu wake na hakujui?"

Nilikuwa nimemwita mbaguzi kimoyomoyo, kumbe alikuwa ananiandikisha ukoo. Nikamkumbatia, mifupa yote.

Jina zito

Tulikaa majuma kadhaa. Siku nyingine mtoto alisahau kupumua na muuguzi akamkuna nyayo hadi akakumbuka, nami nikasahau kupumua pamoja naye. Kitanda cha pembeni kilibaki wazi asubuhi moja, na hakuna aliyeuliza mtoto wake alikwenda wapi. Nilimshika wetu kwa nguvu zaidi siku hiyo. Homa ya Hodan ikashuka. Mtoto akajifunza kunyonya kwangu, kisha tukamhamishia kwake, na kwa kule kunyonya maziwa yake Hodan yakaja. Siku yalipokuja aliniita kwa mkono nije nione, kama mtu aliyechimba kisima.

Hapo ndipo aliponijibu lile swali la siku ya kwanza. Ayeeyo alitaka mtoto apewe jina siku ya saba kama ilivyo sunna, Hodan akakataa.

"Anasema," Mama Sahra akatafsiri, "wale wawili niliwapa majina mapema. Majina yamebaki, wao hawapo. La tatu siwezi kulibeba."

Kurudi: daraja tena

Madaktari walitaka macho ya mtoto yaangaliwe Nairobi, maana waliozaliwa kabla ya wakati macho yao huweza kuharibika. Basi tukarudi watu wanne: mimi, Mama Sahra, Hodan na yeye. Ayeeyo alibaki kambini kumngoja mwanawe, baba wa mtoto, asije akafika akakosa mtu. Alimfunika mjukuu kwa ile shali yenye mafundo, akasema nisiruhusu yafunguliwe. Nilimwachia akala zangu. Alizivaa palepale.

Daraja la Tana tukashushwa. Mtoto alikuwa zamu yangu, kifuani. Nani yuko kwenye mstari? Yule yule askari.

"Mama Kabeji!" akapaza sauti. Kisha akakiona kikofia. "Ulipita na kabeji, unarudi na mtoto? Ni wa nani huyu?"

"Wangu," nikasema. Nyuma yangu Hodan, ambaye neno hilo alikuwa amelishika wodini, akasema, "Wangu."

Uso wa kazi ukamrudia. Tukawekwa kando, basi zima likangoja juani. Mama Sahra akaeleza, konda wa Garissa akaeleza, mzee mmoja abiria akatoa mawaidha kamili kuhusu maziwa, kuanzia mwanzo wa dini. Yule askari alisoma karatasi zote, akamtazama Hodan, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo ana mama wawili," akasema mwishowe.

"Ndiyo, afande."

"Na kabeji?"

"Tulitupa."

Alicheka hadi kofia ikamwanguka. Akamwekea Hodan kiti kivulini hadi basi likaanza kupakia.

Mwingi: njugu, kuku na jina

Mwingi safari hii sikujificha. Tulishuka tulale kwa mama, mtoto apumzike. Mwende ndiye niliyemwogopa. Angeniona na mwingine kifuani angesema nini?

Alikuja mbio, akasimama. Akavuta kola ya blauzi yangu, akachungulia ndani. Akakikuta kichwa. Akakigusa kwa kidole kimoja, akakipapasa, kisha akaenda zake kufukuza vifaranga. Kumbe alikuwa ameshasahau ziwa zamani. Mimi ndiye niliyelia.

Mama naye alimpokea mtoto, akamlaza mapajani, na kwa usafi wake akaanza kuifungua shali aifue. "Mafundo haya ya nini? Ni nani amemfunga mtoto?"

"Usifungue!" Mimi na Mama Sahra tulipiga kelele pamoja. Ikabidi nieleze yote, palepale, kuku miguuni. Mama ni mzee wa kanisa, sikujua atalipokeaje. Alisikiliza akichambua njugu. Nilipomaliza akauliza neno moja tu.

"Kwa hiyo ni mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Alizaliwa wapi?"

"Njiani. Hodan alikuwa anakimbia."

"Basi ni Kyalo," akasema, akaendelea na njugu zake.

Nilishtuka. Kwetu Ukambani mtoto wa kiume aliyezaliwa safarini huitwa Kyalo, yaani safari, na wenye kutoa jina ni akina nyanya. Kwa mama halikuwa jambo la kufikiria. Hakujua amegusa nini. Mama Sahra alisitasita, kisha akatafsiri. Hodan akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza," Mama Sahra akasema, "jina hilo, kuna mtoto amekufa nalo?"

Mama akaacha njugu. Ndipo alipoelewa. Akamtazama yule msichana mwembamba, akasema taratibu, "Mwambie sitamdanganya. Wako waliokufa. Lakini Mwingi hii imejaa akina Kyalo walio hai. Fundi wa baiskeli ni Kyalo. Kinyozi ni Kyalo. Mwenyekiti wa kanisa letu ni Kyalo, amezika wenzake wote na bado anaimba besi."

Ilipotafsiriwa, Hodan alicheka. Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya hapo. Akamchukua mtoto mapajani mwa mama, akamwinua usawa wa uso wake, akamwita kwa mara ya kwanza. "Kiyaalo." Akaita tena, na tena, mpaka mtoto akakasirika.

Macho yake yako sawa, daktari alisema. Jina la Kiislamu amepewa, Abdirahman, mbuzi akachinjwa, na wengi wenu mlikula pilau yake kwangu bila kuuliza ni ya nini. Lakini hakuna anayelitumia, hata Mama Sahra, anayesema Msomali bila jina la utani hajakamilika. Muuguzi wa Busia tulimpigia simu tukaiweka karibu na mdomo wa mtoto asikie anavyolia. Akatuambia anacheza, na tukasikia wodi ikimpigia makofi.

Sasa wapangaji wa chini wamekuja kulalamika kwangu. Wanasema mlangoni kwa Mama Sahra kuna mtoto analia kwa sauti ya kung'oa mabati, asubuhi, mchana na jioni, na wanataka nimwambie mama yake amnyamazishe. Nimewajibu mama yake mmoja ndiye mimi. Mwacheni alie.